Bendera ya Bluu Mbele ya Namba 41

Verlene Stubbs alikuwa amebakiwa na saa nne kuipata kengele ya kilo tisini, na mpaka muda huo alikuwa na vitu vitatu mkononi: bolti nne, harufu ya siki, na kipande cha pai ya pichi alicholazimishwa kukipokea na mke wa mchungaji. Pai aliila. Hivyo viwili vingine vilikuwa vimemnyima usingizi tangu Alhamisi.

Bolti zenyewe zilikuwa ndani ya kopo la dagaa, juu ya ubao wa kukanyagia wa kichwa cha treni Namba 41, zimepangwa kichwa kwa kichwa na kupakwa mafuta ili zisishike kutu. Katika miaka kumi na saba ya kuwa msaidizi wa sherifu, Verlene alikuwa amekamata wezi wa nguruwe, wa matairi na hata wa jiwe la kaburi, lakini hakuwahi kumwona mwizi anayezipaka mafuta bolti za mali aliyoiba. Mwizi wa namna hiyo ama ana wazimu, ama ana adabu.

Mji wa Dorsey Tank ulizaliwa kwa kiu. Treni za kutoka Meridian zilisimama hapo kunywa maji kwenye tangi la Bwana Dorsey, na wakati zikinywa, kila mtu alipata la kuuza: mayai, karanga za kuchemsha, mkate wa mahindi, maneno. Baadaye ikajengwa karakana, na mji ukashiba. Siku hizi treni zinapita bila hata kupunguza mwendo. Lakini kila Agosti, Jumamosi ya pili, watoto wa mji hurudi kutoka Chicago, Detroit na kwingineko walikotawanyika, na ikifika saa sita mchana kengele ya Namba 41 hupigwa. Hapo ndipo kambale wanapotiwa kwenye mafuta ya moto. Kabla ya hapo hakuna anayewaonja, hata awe meya.

Alhamisi jioni kamati ya sikukuu ilifunua turubai lililofunika treni hiyo tangu Jumatatu kwa hofu ya mvua, ikakuta kengele haipo. Meya Fenton Crabtree, mtu mwema lakini mwepesi wa jasho, aliamuru turubai lirudishwe haraka na kila mmoja afunge mdomo. Waliojua walikuwa sita. Akaitwa Verlene, naye akatazama kufuli la uzio wa stesheni: zima, halina mkwaruzo. Lilikuwa na ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo ulikaa kwa Roscoe Tidwell.

Roscoe ndiye mlinzi wa stesheni ya zamani, na kwa miaka tisa ameitunza kama mtu anavyomtunza mzazi. Verlene alimhoji siku hiyo hiyo, kwenye benchi la abiria.

"Ufunguo unaweka wapi?"

"Nyumbani. Kwenye msumari, karibu na jiko."

"Umewahi kumwazima mtu?"

"Kamwe."

"Nyumbani unaishi na nani?"

"Na Mama tu. Tena nakuomba, dada, hili lisimfikie. Mwaka huu ni yeye anayepiga kengele. Nimeibembeleza kamati miaka mitatu. Ana miaka themanini na mitatu, na moyo wake unaujua."

Verlene aliujua moyo wa Bi Arvella Tidwell. Nusu ya mji iliwahi kulishwa nao. Kwa hiyo akaandika "Mama tu" kwenye daftari lake, akaendelea na mengine.

Meya hakuwa na subira. Mtu alikuwa amemwona Roscoe mwezi uliopita akizungumza kwa muda mrefu na Dub Lacey, mnunuzi wa vyuma chakavu, na hilo likawa kuni kwenye moto. Ijumaa mchana Verlene alikuwa kwenye yadi ya Dub akipindua mabomba na redieta. Hakuna kengele. Dub alisema Roscoe alikuja kumkemea kwa kuthubutu kuiulizia bei, na kwamba alikemewa hadi akakosa hamu ya kula. Verlene alimwamini, maana Dub alipolisimulia hilo aliona haya, na Dub si mtu wa kuona haya bure.

Hata hivyo Meya alikuwa ameshatoa hukumu yake: ikifika saa tano na nusu Jumamosi bila kengele, Roscoe akabidhi funguo zote za stesheni, kisha watu watangaziwe. Roscoe alikubali bila kubisha. Alisema tu aruhusiwe yeye mwenyewe kumweleza mama yake.

Basi hiyo ndiyo Jumamosi yenyewe, saa mbili asubuhi. Bendi ya shule ilikuwa ikijaribu tarumbeta zake nyuma ya tangi, magari yenye namba za Illinois na Michigan yalijaa hadi makaburini, na watu walikuwa wakikumbatiana barabarani na kuambiana jinsi walivyonenepa. Verlene alisimama mbele ya turubai akitafuna kidole. Hapo likafika lori la viti kutoka Jackson, na kijana mmoja mwenye kofia ya njano akashuka na viti sita kila mkono.

"Hiki chuma cha bluu kinanizuia," alisema. "Nakisogeza kidogo."

Alikuwa hajamaliza kuinama, sauti tatu zikampokea kwa pamoja. Moja ilitoka kwa mzee aliyekuwa akimenya mahindi, ya pili kwa mama aliyembeba mjukuu, na ya tatu, Verlene alishtuka kugundua, ilikuwa yake mwenyewe.

"Usiguse!"

Kijana akaganda. Aliuliza kama kuna umeme.

"Hakuna umeme," alisema mzee wa mahindi, bila hasira. "Kuna mtu kazini. Zungusha viti vyako upande wa pili, mwanangu."

Kijana akazungusha, akinung'unika kwamba yeye haoni mtu yeyote. Verlene naye akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akaona alichokuwa akikipita kila siku. Mbele ya magurudumu ya Namba 41, kikiwa kimebanwa kwenye reli, kilisimama kibati cha mraba kilichopakwa rangi ya bluu, kile ambacho watu wa reli hukiita bendera. Alikuwa amekizunguka mara ishirini, na kila mara miguu yake ilikwenda kando yenyewe. Meya, mjukuu wa dereva wa treni, alikizunguka. Kamati nzima ilikizunguka. Katika daftari lake lenye kurasa kumi na moja za upelelezi, Verlene hakuwa ameandika neno "bendera" hata mara moja.

Alicheka peke yake kwa aibu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hollis Grady aliishi nyuma ya iliyokuwa karakana, katika nyumba yenye spana nyingi kuliko vijiko. Alikuwa fundi wa mabehewa hadi siku karakana ilipofungwa, na Verlene alipomaliza kuongoza magari na kumfikia, saa nne na nusu, alikuwa barazani amevaa shati lake jeupe la sikukuu, anakunywa chai baridi ya sukari. Verlene hakugusia kengele. Aliuliza habari za bendera.

"Baba yako alikuwa mtu wa breki," alisema Hollis. "Hakukufundisha?"

"Alinifundisha nisiiguse. Hakunifundisha niulize ni ya nani."

"Ndiyo maana hukuuliza." Mzee aliweka glasi chini. "Ukiingia chini ya treni kufanya kazi, unaweka bendera ya bluu. Ikiwepo, treni haisogezwi. Na bendera haitolewi na bosi, wala na mwenye kampuni, wala na gavana. Aliyeiweka ndiye anayeitoa. Nilimwona mtu mmoja akiitoa bendera ya mwenzake mwaka hamsini na mbili. Sitakusimulia kilichotokea, leo ni sikukuu."

"Watu wa reli waliweka hizi? Madereva, watu wa breki?"

"Hao waliziheshimu tu. Kuweka ni sisi wa karakana."

"Na wa karakana mmebaki wangapi?"

"Mimi."

"Basi ni yako ile iliyo mbele ya Namba 41?"

Hollis alitikisa kichwa. Aliiona Jumatano, alisema, alipokuwa akipita kwenda kunyolewa. Zake zilikuwa na maandishi meupe ya kiwandani. Ile imekatwa kwa mkono kutoka kwenye bati la kopo la grisi, ina ribiti mbili na rangi ya brashi. Za namna ile zilitengenezwa wakati wa vita, chuma kilipokuwa adimu. Alidhani kamati imeitoa kwenye makumbusho kwa ajili ya pambo, akasema moyoni kwamba angalau safari hii wamepamba kwa akili.

Verlene aliandika: *bati la grisi, ribiti mbili, wakati wa vita, Jumatano ilikuwepo.* Alipokuwa akiinuka aliona ndoano tupu ukutani, na chini yake ukuta ulikuwa na alama ya mnyororo.

"Hapo palikuwa na nini, mzee?"

"Winchi yangu. Nimewaazima akina mama wa kanisa la Nebo. Walisema wanataka kuinua piano wasafishe chini yake."

"Lini?"

"Jumanne."

Verlene alikuwa kanisani Nebo jana jioni kupeleka vyombo. Piano ilikuwa palepale, na chini yake palikuwa na vumbi la kutosha kupanda viazi. Alisimama katikati ya ngazi za Hollis akiwa ameinua mguu mmoja. Harufu ya siki aliyoikuta kwenye bolti ilimrudia. Ijumaa, muuza duka alikuwa amemweleza kwamba chupa zake zote za siki zimenunuliwa na akina mama hao hao, na Verlene akajibu kwamba ni msimu wa kutengeneza achari ya matango.

"Mzee Hollis. Wakati wa vita, wanaume walipochukuliwa jeshini, nani alifanya kazi karakana?"

"Wanawake. Wafutaji. Walifuta masizi na mafuta kwenye treni, usiku na mchana. Kumi na mmoja, nadhani." Macho yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo. "Lo. Nami nimekwambia nimebaki peke yangu."

Waliojua walikuwa wamejitahidi kumficha habari mtu mmoja kuliko wote: mama wa mwenye ufunguo. Nani angemshuku mtu anayefichwa?

Mlango wa jiko la kanisa la Nebo ulikuwa umefungwa kwa ndani, jambo ambalo halijawahi kutokea siku ya kambale. Ndani watu walikuwa wakiimba, na katikati ya wimbo kulikuwa na sauti ya kusugua iliyofuata mapigo, chap, chap, kwa nguvu. Verlene alibisha. Wimbo ulikatika.

"Nani?"

"Verlene."

"Verlene wa polisi au Verlene binti wa Ozella?"

"Wote wawili wako hapa, Bi Arvella."

Kukawa na mnong'ono, kisha komeo likavutwa. Wanawake wanne waliovaa aproni walisimama mbele yake wakiwa na mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Nyuma yao, ikining'inia kwenye winchi ya Hollis juu ya karai la siki na chumvi, ilikuwepo kengele. Verlene alizaliwa katika mji huu lakini hakuwahi kuiona kengele hiyo namna hii. Utotoni mwake ilikuwa nyeusi kwa masizi, na miaka ya karibuni ilikuwa kitu cha rangi ya dhahabu ya dukani. Hii ilikuwa shaba tupu, na iling'aa hadi dari la jiko likageuka rangi ya asali.

Bi Arvella alikaa kwenye kiti mbele yake, amevaa ovaroli na kitambaa chekundu kichwani. Alimtazama Verlene kama mtu anayekatizwa kazini.

"Bendera yangu umeiona?"

"Nimeiona, Bi."

"Kuna aliyeigusa?"

"Hakuna."

"Basi shida iko wapi? Funga mlango, unaingiza nzi."

Verlene alifunga mlango. Aliuliza ufunguo ulitoka wapi, akajibiwa ulitoka kwenye msumari, Jumatano saa tano asubuhi, Roscoe alipokwenda kupokea tarumbeta za bendi. Aliuliza kwa nini hawakumwambia mtu. Wanawake wanne wakatazama karai. Bi Arvella akafuta mikono yake taratibu.

"Unajua ile rangi ya dhahabu nani aliipaka?"

"Roscoe."

"Mikono mitatu ya rangi, na juu yake vanishi. Alipoanza kazi tu. Aliniita nikaione, mtoto amefurahi hadi anarukaruka. Ningemwambia nini?" Aliigonga kengele kwa kifundo cha kidole, polepole sana, nayo ikatoa sauti nyembamba iliyokaa hewani. "Kengele ikipakwa rangi inaziba koo. Miaka tisa nimeisikia inakohoa kila Agosti, nimenyamaza. Lakini mwaka huu wananipa kamba nipige mimi. Mimi ndiye niliyekuwa naing'arisha hii, mwaka arobaini na nne, kila siku ya Mungu. Siwezi kupanda pale nikapiga kikohozi. Nikasema nitaitoa rangi kimya kimya, niirudishe Jumamosi kabla turubai halijafunuliwa. Yeye atadhani ni jua tu limeipendezesha."

"Bi Arvella," alisema Verlene, "wamedhani imeibwa."

"Imeibwaje, na bendera ipo?"

"Tuliiona bendera. Hakuna aliyeiuliza. Na ufunguo ni mmoja." Ilimbidi amalize, na hakuwahi kuchukia kazi yake kama dakika ile. "Saa tano na nusu Roscoe anakabidhi funguo za stesheni. Anasema ni kosa lake kwa sababu ndiye mlinzi. Aliomba usiambiwe, ili usiugue."

Bi Arvella hakuugua. Alisimama, na wanawake wanne wakasimama pia, ingawa walikuwa wamesimama tayari.

"Saa hivi ni saa ngapi?"

"Saa tano na robo."

"Leteni lori."

Kuishusha kengele, kuisukuma nje kwenye kigari cha vyombo na kuipandisha lorini kulichukua muda kuliko walivyotaka, na barabara ilikuwa imejaa watu wa Detroit wasiojua tena kupisha. Verlene alitangulia na gari lake, king'ora kikilia. Watu walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya maandamano.

Walipofika, Roscoe alikuwa ameshatoa funguo. Meya Crabtree alikuwa ameshika pete yao kwa mkono wa kushoto na kipaza sauti kwa mkono wa kulia, jasho limemfika kwenye tai, na mbele yake watu mia nane wametulia kusikiliza. Roscoe alikuwa pembeni ameinamisha kichwa. Macho yake yalikuwa yanamtafuta mama yake katikati ya umati, na alipomwona akiteremka kwenye lori kwa ovaroli, uso wake ukasawajika kabisa.

Bi Arvella hakumwendea. Hakumwendea Meya pia. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Namba 41, akainama kwa taabu mkono mmoja kiunoni, akafungua kibano, akaitoa bendera ya bluu kwenye reli. Wazee wote waliokuwa pale walivua kofia. Wengine walifanya hivyo bila kujua kwa nini.

"Kazi imekwisha," alisema. "Sasa mnaweza kusogea."

Kisha akamgeukia Meya, naye Meya akashusha kipaza sauti.

"Mheshimiwa. Mwizi wako ni mimi. Babu yako angejua, maana aliniacha nifanye kazi chini ya treni yake mwaka mzima, na kila asubuhi aliuliza: Arvella, umeitoa bendera? Wewe kuuliza tu kumekushinda."

"Bi Arvella, mimi nilidhani..."

"Ulidhani. Simama hapo hapo ulipo, tusikuangushie kengele."

Watu walicheka, na kicheko kilipoanza hakikuwa na mtu wa kukizuia. Hollis Grady alikuwa ameshapanda juu na spana yake pamoja na kopo la dagaa. Wanaume sita walivuta mnyororo, wanawake wanne wa Nebo waliwaambia wavute vipi. Turubai liliporomoka chini, jua likaipiga shaba, na umati mzima ukatoa pumzi kwa pamoja.

Meya alimfuata Roscoe na pete ya funguo. Alisema maneno mazuri, na ni haki kueleza kwamba aliyasema kwa sauti ya kusikika na watu wote. Roscoe hakuzichukua. Alikuwa ameshika ngazi ambayo mama yake alikuwa akiipanda, mikono yote miwili.

"Endelea kuzishika, Meya," alisema. "Nina kazi hapa."

Kwa hiyo kengele ya Dorsey Tank ilipopigwa mwaka ule, dakika kumi na saba baada ya saa sita, Meya alikuwa amesimama chini yake na funguo mkononi kama bawabu. Bi Arvella alivuta kamba mara moja. Sauti iliondoka, ikapita juu ya tangi, ikapita makaburi na mashamba ya pamba ng'ambo ya reli, na watu waliokuwa wakicheka wakaacha. Wale wa umri mkubwa waliijua mara moja. Hawakuwa wameisikia kwa miaka tisa, na kila mmoja alikuwa akidhani ni masikio yake yaliyozeeka.

Roscoe alikuwa akilia waziwazi, bila kujificha. Alisubiri mlio ufe wote ndipo akainua kichwa kumtazama mama yake juu ya ngazi.

"Mama. Ilikuwa rangi yangu, sivyo? Niliiziba."

Bi Arvella alitengeneza kitambaa chake kichwani, akashika kamba tena.

"Kidogo sana, mwanangu," alisema. "Wala haikusikika."

Verlene alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale, amelisikia neno kwa neno. Alikuwa amewanasa waongo kwa miaka kumi na saba. Huyu alimwacha, akaenda kutafuta sahani ya kambale.